Kirungu cha Nyama cha Jirani

Juzi nilikuwa dukani hapa Jinja na binti yangu, akashika nyundo ya nyama ya chuma, ile yenye meno pande mbili, akaniuliza kama itatufaa. Nilimwambia airudishe, nikatoka nje kuvuta hewa, naye akanifuata akicheka kwamba mama yake anaona kinyaa kwa kila kitu. Ni kweli, rafiki yangu, sikatai. Nywele kwenye sabuni, utando wa maziwa juu ya chai, kidole gumba cha mwenye hoteli kikiogelea ndani ya mchuzi ninaoletewa, vyote hunimaliza hamu. Lakini nyundo ya nyama ni habari nyingine, na mpaka nikurudishe Mbale ndipo utanielewa.

Nilizaliwa huku huku Jinja, kwa bibi, karibu na Masese, ufukweni mwa ziwa, ambako nyama tuliiona Idi hadi Idi. Sisi tulikula samaki, na samaki hapondwi. Dagaa walioanikwa walinuka hata nikala nimeziba pua, bibi akinitania kwamba nitafute mzungu anioe, anilishe mkate. Nilipofika miaka minane, miaka ya tisini katikati, baba alipata kazi kwenye duka la jumla Mbale. Tukahamia kule, na huko ndiko nilikokutana na nyama. Ilikuwa nyama ya maksai waliozeekea kwenye jembe, imening'inia kwa mchinjaji tangu alfajiri, inzi wameivaa. Ungeichemsha tangu asubuhi, na adhuhuri bado unaitafuna kama soli ya kandambili.

Nyama ile haikuliwa bila kupondwa, na mama alihangaika kupata cha kupondea. Alianza na chupa ya soda, ikapasuka, tukashinda tunachokoa vipande vya chupa kwenye mnofu. Akajaribu jiwe la mtoni, likatuachia mchanga kwenye meno. Mchi wa kinu ulikuwa mrefu mno, halafu ulinuka karanga. Mwishowe alihurumiwa na jirani yetu, mke wa askari mmoja kutoka kaskazini. Nyumba zetu zilitenganishwa na ua wa michongoma wenye pengo la kupita mtu. Alikuja na kirungu cha kupondea nyama alichochongewa na kaka yake: kichwa kizito cha mti mgumu usiokunywa damu, uso wake umekatwa vijumba vijumba kwa msumeno, mpini mfupi wa kujaa kiganja.

"Usipige kama mutu naua nyoka," alimfundisha mama. "Wacha kichwa yake ifanye kazi."

Walifunika mnofu kwa jani la mgomba ili maji yasiruke, wakaanza pembeni kuelekea katikati, wakikatiza nyuzi za nyama. Mimi nilisimama mbali. Ule mlio, pwa, pwa, na yale maji mekundu yakichuruzika mpaka ukingoni mwa ubao, mpaka leo vinanisisimua mwili vibaya.

Basi tukawa tunakiazima kila wiki, na katika kuazima huko mama akapata rafiki. Usidhani lilikuwa jambo dogo. Mtaani kwetu walikuwako watu ambao wakisikia Kiswahili cha askari walikumbuka miaka ya bunduki, askari walipovamia majumba, wakaingiza watoto ndani. Na mama hakuwa na ndugu Mbale. Mimba ilipomharibikia, jirani huyo ndiye aliyekaa naye siku tatu, akamfulia nguo ambazo mimi sikuweza hata kuzitupia jicho.

Mwaka uliofuata, Ramadhani ilikuwa ianze siku chache tu baada ya Krismasi. Siku yenyewe ya Krismasi nilipita kwenye pengo kwenda kurudisha chekecheke, nikamkuta jirani jikoni anaponda nyama ya nguruwe. Niliijua kwa ngozi yake. Ilikuwa nyeupe, nene, yenye vinyweleo vilivyoungua nusu, na chini yake mafuta yalitetemeka kila kirungu kiliposhuka. Vile vijumba vya uso wa kirungu vilikuwa vimejaa mafuta meupe.

"Kuja mutoto, kula simsim," aliniambia, akininyooshea donge la ufuta, mkono wake unang'aa mafuta.

Nilikimbia, nikatapika nyuma ya choo.

Kesho yake ilikuwa Ijumaa, na baba alikuwa amemwalika maalimu wetu wa madrasa aje kula baada ya swala. Mama akanituma kirungu. Nilikipokea kwa ncha za vidole. Kilikuwa kikavu na safi kabisa, na usafi huo ulinichukiza zaidi, nikaona jirani ameficha uchafu wake kwa sabuni. Kwenye pengo nilisimama. Nikisema, mama anampoteza mtu pekee aliye naye. Nikinyamaza, sisi sote na mgeni wetu tunakula najisi. Nilinyamaza. Nikakaa mlangoni namtazama mama akiponda, na kila pigo niliona yale mafuta yakiingia kwenye nyama yetu.

Walipokaa mkekani, maalimu alitafuna kipande cha kwanza akakisifu, midomo yake inameremeta mchuzi. Hapo nikashindwa. Nilitapika kando ya sinia, na katikati ya kutapika nikasema yote, kwamba kirungu kile kimeponda nguruwe na nimeona kwa macho yangu.

Maalimu alitoka nje kutema. Baba hakumtazama mama. Vyombo vikatolewa uani vikaoshwa mara saba, moja kwa udongo, kama dini inavyotaka kwa najisi ya nguruwe, mama akisugua mpaka vidole vikachubuka. Kirungu hakukiosha. Alikitupa chooni, na alipokitupa alipaza sauti ili maalimu asikie kwamba yeye hakujua, akamwita jirani yake mchafu asiye na haya.

Jirani alikuja mpaka kwenye pengo, hakuvuka. Alishika kirungu kingine, pacha wa kile, kimekuwa cheusi kwa mafuta.

"Mama," alisema polepole, "ya nguruwe ni hii. Ndugu yangu alichonga mbili. Ile ya kwako nililetea wewe mupya, na naweka juu ya kabati na kitambaa yake. Hata kuku yetu sijapiga nayo."

Mama aligeuka akatazama upande wa choo. Choo chetu kilikuwa kirefu, hakuna aliyekuwa na la kufanya. Jirani akageuka akarudi kwake.

Kabla ya masika lori lilikuja likawachukua, afande amehamishwa. Nikipita mtaa ule siku hizi naona ukuta wa matofali pale palipokuwa na michongoma, umepandwa vipande vya chupa juu, na kila jiko lina vyake. Hakuna mtoto anayetumwa kuazima hata kijiti cha kiberiti. Hilo linaniuma, na sina haki ya kulilalamikia.

Maana kabla hawajaondoka ilikuja Idi. Mama, ambaye hakuwa amevuka ua mwezi mzima, alipakua pilau kwenye sahani yetu nzuri kuliko zote akanipa mimi nipeleke. Jirani aliipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akawagawia watoto wake. Kisha akachutama mlangoni, akachota udongo, akaanza kuosha. Alisugua, akasuuza, akahesabu kwa sauti mpaka saba, kama alivyotuona tukifanya siku ile. Hakuonyesha hasira hata chembe. Akaikausha, akaikunjia kipande cha gazeti ukingoni ili vidole vyake visiiguse, akaninyooshea.

"Ambia mama iko safi."

Nilivuka pengo nimeibeba sahani ile, na nilijionea kinyaa mimi mwenyewe.