Likelemba ya Masomo

Simu za wanafunzi huzima mapema kuliko za wazazi wao. Najua kwa sababu zote hupita mikononi mwangu. Nina kibanda cha kuchajia simu hapa Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi, pembeni ya njia inayoshuka sokoni: sola juu ya bati, betri ya gari chini ya meza, na nyaya nilizozipanga kwa rangi ili nisichanganye simu ya mtu na ya jirani yake. Ukikaa katika kazi hii, unaanza kuwafahamu watu kwa betri zao. Simu ya mchungaji inarudi na chaji nusu. Ya mama anayeuza mandazi inakaa siku mbili. Ya mwanafunzi wa sekondari ikitoka kwangu asubuhi, jua halijafika utosini imesharudi, na mwenyewe anasimama mbele ya meza akinihimiza, kana kwamba umeme ni chapati ya kugeuza.

Mimi nikiona jambo siwezi kuliacha bila kuuliza. Niliwauliza: "Munafanyaka nini na hizi simu?" Wote walinijibu neno moja: masomo. Ningewaamini, kama binti yangu asingekuwa mmoja wao na kama nisingeiona ripoti yake ya muhula.

Alikuwa kidato cha nne. Chuo kimoja cha uuguzi huko Lilongwe kilikuwa tayari kupokea wanafunzi wachache wa kambini bila ada, kwa masharti mawili: wafaulu vizuri mtihani wa taifa, hasa biolojia, kisha washinde usaili. Kwetu, watu tuliotoka Bukavu na mabegi ya mkononi, mlango kama huo haufunguki mara mbili. Binti yangu aliutaka mlango ule kuliko kitu chochote. Lakini muhula ule alama zake zilikuwa zimeshuka katika kila somo, na biolojia ndiyo iliyoshuka zaidi.

Baba yake ni fundi wa nguo. Aliisoma ripoti akiwa kwenye cherehani, mguu bado uko kwenye pedali.

"Hii simu itaenda soko," alisema.

"Papa, mwalimu anatumaka maulizo kwa simu. Nikikosa simu nitasoma na nini?"

"Mi nilisoma na chaki."

"Na ulifika wapi, Papa?"

Mume wangu alimtazama, akaipiga cherehani kofi la upendo. "Nilifika kwa hii mashini inakulisha, we mutoto ya kichwa nguvu!" Akacheka bila kutaka, na kwa kuwa alikuwa amecheka, ilimlazimu kulegeza. Simu ingebaki hadi mtihani wa majaribio. Biolojia isipopanda, inauzwa.

Siku iliyofuata nilimwomba binti yangu anionyeshe lile kundi la darasa kwenye simu. Alilifungua bila hofu, nami nikalipitia kama mtu anavyochagua mchele. Juu kabisa mwalimu alikuwa ametuma swali la mtihani wa zamani. Chini yake: vicheko, mpira wa Uingereza, vidio fupi za watu wanaocheza, sala inayosema itume kwa wenzako ubarikiwe, keki ya kuzaliwa ya mtu. Kisha mmoja akauliza, "Nani iko na jibu?" Mwingine akauliza hivyohivyo, na mwingine tena. Hakuna aliyejibu. Mwishowe mtu akatupa picha ya majibu ambayo hata yeye hakujua imetoka wapi, na wote wakanakili wakashukuru.

Nilimrudishia simu yake. Jumamosi ilikuwa siku ya likelemba yetu.

Kwa asiyejua, likelemba ni mchango wa zamu. Sisi wanawake wa Bukavu tunaosali pamoja tunakutana kila Jumamosi, kila mmoja analeta kipimo chake cha unga au mafuta, na mmoja wetu "anakula", yaani anabeba yote nyumbani. Jumamosi inayofuata anakula mwingine. Sheria zake ni kali kuliko za kanisa. Huleti kwa kumtuma mtoto. Unakuja kwa miguu yako. Huleti unga uliookota kwa mwenzako mlangoni. Na ukishakula, ukaacha kuleta, wanawake watakusindikiza kwa nyimbo mpaka uhame blok, mtaa wako wa kambini.

Binti yangu alinisaidia kubeba, maana siku ile nilikula mimi. Njiani nilimwambia:

"Ile kundi yenu ni likelemba ya bantu ba kula tu. Kila mumoja anakuja na sahani. Hakuna mwenye kuleta unga."

Alicheka. Halafu, tulipofika karibu na kisima, akaacha kucheka. "Mama," alisema, "rudilia."

Nilirudia. Jioni ileile alitoka kwenda kwa wenzake, na waliporudi pamoja kibandani kwangu walikuwa na sheria zao. Wale walio tayari waliunda kundi jipya, dogo. Kila siku mmoja anakula: analeta swali moja linalomshinda. Wengine wote lazima wamletee maelezo, kwa sauti yao wenyewe. Kutuma kitu cha mtu mwingine ni marufuku. Huo ni unga wa kuokota. Asiyeleta, zamu yake inarukwa. Na simu zao, wakitoka shule, zinakuja moja kwa moja kwenye meza yangu. Wao wanakaa barazani na karatasi hadi kila mmoja awe na la kusema, ndipo wanazichukua kurekodi.

Hapo ndipo nilipofurahia kazi yangu. Walikuwa wakirekodi wamesimama kuzunguka kibanda, na mimi nasikia yote. Kulikuwa na msichana wa Kirundi, mama yake anauza nyanya, ambaye alipewa kueleza jinsi maji yanavyopita katika ngozi za chembe hai kufuata chumvi. Aliishika simu karibu na mdomo kama mhubiri.

"Musikilize. Ukikata nyanya, uweke chumvi, uache kidogo, unakuta maji chini ya sahani. Nani alikamua? Hakuna. Chumvi iliita maji, maji ikatoka ndani ya nyanya ikaenda. Njo hiyo tu."

"We, kila somo kwako ni nyanya!" binti yangu alimtania.

"Na we kila somo kwako ni kulala. Nyamaza, inarekodi!"

Walirekodi hata ugomvi. Lakini nilimwona kijana mmoja aliyezoea kukaa nyuma ya wenzake akiisikiliza sauti ile mara ya pili, kisha akasema polepole, "Kumbe." Hilo "kumbe" nililisikia mara nyingi wiki zile. Simu zao zikaanza kukaa na chaji hadi jioni.

Kwa hiyo mtihani wa majaribio ulipofika, nyumbani kwetu hakuna aliyekuwa na wasiwasi. Matokeo yakatupiga usoni. Hesabu ilipanda, jiografia ilipanda. Biolojia haikusogea.

Mume wangu hakupiga kelele. Aliichukua simu, akaifunga katika kipande cha kitambaa, akaiweka kwenye droo ya cherehani. "Jumatatu inaenda soko," alisema. Binti yangu alichukua ndoo akaenda kisimani bila kutumwa, na mtu aliyeuzoea mdomo wake angejua hapo kwamba ameumia kweli.

Mwalimu wao wa biolojia ni Mmalawi mpole anayechajia simu kwangu. Ilikuwa Ijumaa. Nikamuuliza kwa Kichichewa changu cha sokoni, bila kuzunguka: watoto hawa wanasoma au wananidanganya?

"Amayi, wanajua," aliniambia, akiniita mama kwa lugha yake. "Nilimwita binti yako mbele ya darasa, nikamwambia anieleze. Alinieleza kwa Kichichewa na Kiswahili mpaka darasa zima likaelewa. Nikamwambia, sasa andika. Akaandika 'tomato' na 'salt', akakwama. Majibu anayo akilini, lakini mtihani wa taifa hausikii Kiswahili."

Nilifunga kibanda mapema. Kosa nililiona wazi kama waya uliochomoka. Watoto wetu walianza shule kwa Kifaransa, wakaja kufundishwa kwa Kiingereza, na wakakimbilia Kiswahili kwa sababu ndicho kinachowakutanisha wote, Mkongo na Mrundi. Kila mmoja alikuwa ameleta unga mzuri kabisa. Ila waliuacha kwenye mfuko. Hakuna aliyesonga nsima, ugali wa huku.

Nilimkuta mume wangu akishona sketi za shule. Nikamweleza alichosema mwalimu. Alisikiliza hadi mwisho wa mshono, akaita: "Mama, kuja huku." Ndivyo anavyomwita binti yetu akiwa hana hasira. Akatoa kile kitambaa katika droo.

"Nisikilizishe ile ya nyanya."

Binti yangu alifungua sauti. Mume wangu aliinamisha kichwa, akatabasamu penye nyanya, akacheka penye kulala.

"Nimesikia. Mi mwenyewe naweza kueleza muntu. Sasa sema vile utaandikia mukubwa wa mutihani."

Alianza kwa Kiingereza, akasita, akaanza tena, akasimama.

"Njo hapo nguo inapasukia," baba yake alisema. Na akampa simu. "Kila sauti ianze vile munapenda. Nyanya, samaki, nini. Lakini imalizike na Kizungu, kamili, vile itaandikwa. Na yako, nitaisikia kwanza."

"Papa, haujue Kizungu."

"Sijue. Lakini muntu akikwama, najua."

Tangu hapo maelezo yao yalikuwa na mkia. Kwanza Kiswahili na mizaha yake, kisha kimya kidogo, kisha Kiingereza cha kitabu kilichonyooka. Mwalimu alikubali kuwasahihishia ile mikia. Alikuja kibandani, akasikiliza, akasema "apa ayi", yaani hapa hapana, au "zikomo", asante. Nyumbani, binti yangu alikuwa akisimama mbele ya cherehani na kusema mkia wake, na baba yake anashona. Akikwama, pedali inasimama. Akiendelea, pedali inaendelea. Mwanzoni sketi moja ilichukua jioni nzima. Mtihani wa taifa ulipokaribia, cherehani ililia toka salamu ya jioni hadi ugali wa usiku bila kupumzika, na yeye hakuwa na simu mkononi wala karatasi.

Siku ya matokeo, wote walijazana kwangu, maana majibu yanakuja kwa ujumbe wa simu na hakuna aliyetaka chaji imwishie katikati. Unatuma namba yako ya mtihani, unasubiri. Mtandao ulikuwa mzito. Msichana wa nyanya alijibiwa wa kwanza, akapiga yowe, akakimbia sokoni kwa mama yake bila kumwambia mtu amepata nini. Tukajua. Yule wa "kumbe" alikaa chini kwenye vumbi akicheka peke yake.

Simu ya binti yangu iliita. Alisoma kimya.

"Soma na sauti!" baba yake alisema. Alikuwa amekuja na sindano bado iko kwenye kola ya shati.

Alisoma. Amefaulu yote, na biolojia iko juu ya masomo mengine.

"Soma tena."

"Papa, nimesoma."

"Biolojia. Soma tena!"

Alisoma tena, na wanawake wa likelemba waliokuwa wakipita njiani wakaishusha mizigo yao na kupiga vigelegele kabla ya kuuliza ni kwa nini.

Ulibaki usaili. Tulipata ruhusa ya kutoka kambini, tukapanda minibasi hadi Lilongwe, tukatembea City Centre kati ya mabenki na mageti ya ofisi, mume wangu katika koti aliloshona mwenyewe. Chuoni binti yangu aliitwa ndani, sisi tukaambiwa tungoje kwenye benchi la nje. Dirisha la chumba lilikuwa wazi, nami sikuona sababu ya kuziba masikio.

Mama mmoja mwenye sauti nzito alimuuliza: mtoto mdogo anaharisha, mama yake anakataa kumpa maji yenye chumvi na sukari. Utamwambia nini?

"Naomba nianze na Kichichewa, kama naongea na yeye," binti yangu alisema, "halafu nitaeleza kwa Kiingereza."

Akaanza. Alimtuliza yule mama asiyekuwepo, akamweleza maji ya mwili yanakwenda wapi na chumvi na sukari zinasaidiaje kuyarudisha. Kisha kimya kidogo. Kisha Kiingereza, moja kwa moja, bila kusita. Mume wangu kando yangu alikuwa akipiga mguu chini taratibu, na mguu haukusimama hata mara moja.

"Ulijifunza wapi kueleza hivi?" aliulizwa.

"Kwenye simu, madam."

Chumba kizima kilicheka, na yeye akacheka nao, kisha akawaeleza jinsi.

Hawakutungojesha. Yule mama alitoka naye hadi mlangoni, akatushika mikono sisi sote, akasema amepokelewa. Masomo yanaanza mwezi ujao, na kila mwanafunzi aje na godoro lake.

Mume wangu alitaka godoro lile siku ileile. "Mwezi ujao, Papa," binti yangu alimkumbusha. "Godoro haiozake," alijibu, akatupeleka Old Town, duka baada ya duka, akiyabonyeza kwa ngumi kama daktari. Mwenye duka mmoja, Mhindi mzee, alimuuliza anataka la kitanda cha ukubwa gani.

"Cha muuguzi," alisema.

Alikataa mchukuzi, alikataa kabaza, baiskeli ya kukodi. Alilibeba kichwani mwenyewe katikati ya stendi, sisi nyuma yake tukikimbiakimbia, akimtangazia kila mtu kwa Kichichewa kilichovunjika kwamba binti yake anaingia chuo cha uuguzi. Hakuna aliyekuwa amemuuliza. Yeye aliwajibu wote.