Fatwa Niliyoitoa Nikisuka Rasta

Wewe unayenisikiliza, kama umewahi kukaa kwenye kiti cha msusi tangu asubuhi hadi jioni, ukainuka huwezi hata kufumba macho kwa jinsi paji la uso lilivyovutwa, basi nusu ya habari hii unaijua tayari. Nusu ya pili inahusu maji. Nitakueleza polepole, kwa sababu mara ya kwanza nilieleza haraka na nikamponza mtu.

Nina kiti changu kwenye saluni moja ndani ya Galerie d'Ixelles, Matonge, mtaa wa Waafrika huku Ubelgiji. Nilizaliwa Bujumbura, mtaa wa Buyenzi, nikasoma madrasa mpaka mwalimu akachoka na maswali yangu. Ukubwani tabia ya kuuliza iligeuka tabia ya kujibu. Mteja akikaa kwangu huondoka na nywele, dawa ya mafua, na maelezo ya namna ya kujaza fomu za komini, yaani ofisi ya mtaa.

Jumapili moja nilimsuka binti wa Auderghem, mama yake Mkongo wa Bukavu, baba yake Mbelgiji Myahudi. Alitaka rasta ndogo, nyembamba kama tambi. Akanieleza kwamba kwa Wayahudi wa kule anakosali, Uyahudi hupitia kwa mama. Tangu utoto amekuwa akikaa na bibi yake mzaa baba wakati wa kuwasha mishumaa ya Ijumaa, lakini kwa hesabu yao bado ni mgeni. Amesoma dini miaka mitatu ili apokelewe. Limebaki jambo moja: kuzama kwenye mikve.

"Mikve ni nini?"

"Ni birika la maji ya mvua, tantine," akajibu, akiniita shangazi kwa Kifaransa. "Unashuka ngazi, unazama mwili mzima, hata ncha ya unywele isibaki juu. Lakini kwanza unaoga kwa sabuni, vizuri kabisa."

"Unaoga ndipo uende kuoga?"

"Si mambo ya uchafu. Ni mambo ya kuvuka, kutoka hali moja kuingia nyingine."

Hilo nililielewa mara moja. Sisi Waislamu nasi tuna josho ambalo halina uhusiano na uchafu. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayetaka jibu jepesi: "Walisema kitu chochote kisiwe kati ya mwili na maji. Rasta je? Mwalimu wangu ni mzee wa Kibelgiji, sidhani kama anajua rasta ni nini."

Vidole vyangu havikusimama hata kidogo. "Mwanangu, hilo tulifundishwa. Mwanamke aliyesuka halazimiki kufumua, maadamu maji yamefika kwenye mashina. Usiwe na wasiwasi."

Akashusha pumzi. Nikaendelea kusuka, nimeridhika kama mufti.

Jumatano saa tano asubuhi aliingia mbio, simu mkononi. Mtunza birika alikuwa amempigia kumkumbusha miadi ya saa kumi, akamuuliza juu ya rangi ya kucha, kope, pete, na mwisho nywele.

"Nikamwambia nina rasta. Halafu akauliza, 'Zote ni nywele zako?' Nikasema zangu ni kama theluthi." Machozi yakamlenga. "Zote zitoke, tantine. Hata fundo moja lisibaki. Waamuzi wa kunipokea ni watatu, mmoja anakuja kwa treni kutoka mji mwingine. Nikikosa leo, sijui watakutana tena lini. Bibi ana miaka tisini. Anataka Ijumaa hii mishumaa niwashe mimi."

Mwenzangu wa kiti cha pili, mama Mkongo wa Lubumbashi, mlokole, ambaye wote tunamwita maman, akaweka pasi ya nywele chini.

"Donc weye muislamu ulimufundisha mutoto ya watu sheria ya Wayahudi? Bon. Mie kesho naenda Roma kufundisha Papa."

"Angefaidika," alisema padri mmoja aliyekuwa ameketi pembeni.

Huyu padri ni Mbelgiji mstaafu aliyeishi Bukavu zaidi ya nusu ya maisha yake. Hana unywele hata mmoja kichwani. Anakuja saluni kufuata Kiswahili. Akavua koti, akaosha mikono kama anayekwenda altareni, akavuta kigoda. "Nipeni upande wa kisogoni," akasema.

Tukakata nywele za bandia pale zake zilipoishia, tukaanza kufumua. Mimi kushoto, maman kulia, padri nyuma. Nikuambie ukweli, padri alitushinda. Vidole vilivyohesabu rozari miaka hamsini haviogopi rasta.

"Kwetu ni rahisi zaidi," alisema. "Maji kidogo juu ya kichwa, mara tatu, kwisha."

"Baba, ile haiko ubatizo," maman akamjibu. "Ile ni kunyunyizia mboga. Mie walinizamisha mu mutoni muzima muzima, na perruque yangu."

"Na wigi?"

"Perruque ilienda na maji. Mie niliokoka, yenyewe ilipotea."

Binti alicheka kwa mara ya kwanza siku ile. Nikaona ni wakati wa kuuliza, na safari hii nilinyamaza nisikie jibu. Kwa nini ukali wote huu, hata uzi mmoja?

Akanijibu bila kugeuza kichwa: "Kazini nina beji na tabasamu la kazi. Kwa mama wananiita mzungu, kwa baba wananiuliza nimetoka wapi. Kila mahali lazima niwe nimevaa kitu cha kunieleza. Mle majini hawaniruhusu kuingia na chochote. Rasta zako ni nzuri sana, tantine, lakini ni kazi yako. Nataka niingie na vya kwangu tu."

Nikashika rasta nyingine, nikaendelea kuibomoa kazi yangu.

Saa tisa na nusu rasta ya mwisho ilifunguka, lakini kichwa kilikuwa bado msitu. Nikapanda teksi naye, nikichana njia nzima, dereva akituangalia kwenye kioo. Tulifika kwenye nyumba isiyo na kibao. Mtunza birika, mama mfupi wa miwani na kandambili, akampeleka kuoga. Baadaye akatoka, akaniita kwa kidole. Alikuwa amepapasa kichwa chote kama msusi mwenzangu na kukuta fundo moja nyuma ya sikio. Niliingia, nikalifungua kwa mkia wa kitana, nikatolewa nje.

Waamuzi walikuwa wameketi kwenye korido, nyuma ya mlango ulioachwa wazi kidogo tu, wasikie bila kuona. Yule aliyekuja kwa treni akaniuliza kwa sauti ya chini kama mimi ni ndugu.

"Mimi ndiye niliyesema rasta hazina neno," nikakiri. Nikamweleza na dalili yangu ya madrasa, kwamba maji yakifika kwenye mashina inatosha.

Macho yakamng'aa. "Na kama zimebana sana, maji hayafiki kwenye mashina?"

"Hapo wanazuoni wanasema lazima ufumue..."

"Shhh!" mtunza birika alitukemea wote wawili kutoka ndani.

Tukasikia maji yakijifunga. Kisha sauti ya mtunza birika: "Kasher," yaani imefaa. Mara ya pili. Mara ya tatu. Yule mwamuzi akapangusa miwani yake, nami nikajifanya natafuta kitu mkobani.

Binti alitoka amevaa, nywele zimesimama kila upande, zikidondosha maji sakafuni, akicheka peke yake. Hakuna kichwa kilichotoka mikononi mwangu kikiwa kibaya namna ile, wala kilichonifurahisha kiasi kile.

Kwa hiyo, kama una rasta na umepangiwa siku ya mikve, mpigie simu mtunza birika wiki moja kabla. Muulize yeye, usimuulize msusi.