Mama Mkwe Alipohamishia Jiko Shambani

Mwanangu, mpaka leo nikikumbuka asubuhi ile mama mkwe wangu alipohamishia jiko shambani, nacheka peke yangu hadi wajukuu wananiangalia vibaya. Kaa hapa nikusimulie. Nimesikia mvua imekatika na wewe umeshaanza kusema shamba limekwisha. Haya, kaa, usinisimamie kichwani kama askari.

Nilikuwa nimeolewa hapa Sigino, hata mwaka haujaisha, na mimba ya kwanza inanipa kiungulia. Mwaka huo mvua ilianza vizuri mno. Tulipanda mahindi, na katikati ya mistari tukapanda mbaazi, kama kawaida yetu watu wa Babati. Mahindi yakanyanyuka, mume wangu akawa anatembea kijijini kifua mbele. Basi, yalipoanza kuchanua tu, mvua ikaingia mitini! Tukiangalia juu, weupe. Majani yakajikunja, yakawa njano, na hakuna bua hata moja lililobeba.

Mume wangu, Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa haraka. Hata chai ya moto alikunywa amesimama. Jioni moja akaniambia, "Hapa hakuna kitu tena. Yule mzee mfugaji wa Hanang kesho analeta ng'ombe waje kula mabua. Atanipa mtamba, ng'ombe jike ambaye hajazaa, niuze, nipate nauli ya Mererani. Nitakwenda kuchimba madini."

Mererani! Vijana wangapi wa huku walikwenda kwenye machimbo, tukabaki kupokea salamu zao tu, na baadaye hata salamu zikakoma? Na mimi na tumbo langu hili nibaki na nani? Nililia, sikufichi. Mama mkwe alikuwa anaosha vyombo hapo nje na alisikia yote. Aliniuliza tu kama chumvi bado ipo.

Wafugaji kuingiza ng'ombe mashambani si jambo geni, mwanangu. Kila mwaka tukishavuna wanakuja, ng'ombe wanakula mabua, shamba linabaki na mbolea, kila mtu anafurahi. Lakini hapo mbaazi zilikuwa bado changa, zimefika magotini tu, zimejaa vumbi. Na ng'ombe akiona jani la mbaazi, hata bua halitazami.

Kulipokucha nikaenda jikoni kuwasha moto. Mafiga hayapo! Sufuria haipo, mwiko haupo, na mama mkwe hayupo. Nikamkuta shambani, kwenye ule mwanya wa ua wa minyaa, mahali pekee ng'ombe wanapoweza kuingilia. Amepanga mafiga katikati ya njia, moto unawaka, ameketi kwenye kigoda anakoroga uji.

"Shikamoo mama. Unafanya nini huku?"

"Marahaba. Si unaona napika? Kaa, uji unakaribia kuiva."

Nikakaa. Punde vumbi likatimka, ng'ombe hao wanakuja, mzee mfugaji mbele na fimbo yake, mume wangu pembeni.

"Mama, hebu toka hapo, ng'ombe wanapita," mume wangu akasema.

"Wapite wapi? Jikoni kwangu?"

Mzee mfugaji akasimamisha kundi. Akamwangalia mama, akaangalia sufuria, kisha akamwamkia kwa heshima zote na kuchuchumaa kupokea kikombe cha uji. "Kijana," akamwambia mume wangu, "ng'ombe wangu hawapiti juu ya mama anayepika. Malizaneni kwanza." Nilitamani kucheka, lakini mume wangu alivyokuwa amevimba, weee, nikaangalia chini.

Mama akachukua jembe, akachimba pembeni ya shina moja la mbaazi. Juu vumbi tupu. Akaendelea, udongo ukaanza kuwa mweusi. Akachota, akamwekea mwanawe kiganjani. Ulikuwa na unyevu.

"Mahindi yamekufa, tumeyalilia," akamwambia. "Hizi nazo zimekufa? Mizizi yake iko huko chini inakunywa, wewe unataka kuwalisha ng'ombe ukamwache mke wako na njaa? Nani kakulea hivyo?"

Mume wangu akanywea. Tukakata mabua kwa panga, tukayatoa nje ya ua, ng'ombe wakala njiani. Kwa mabua matupu, mtamba akageuka mbuzi, na mbuzi mwenyewe alikuwa mkorofi, lakini mbaazi zilibaki.

Baridi ya Julai ilipoingia, bila tone la mvua, shamba zima likachanua maua ya njano. Nyuki kila mahali! Tulivuna, tukauza, tukanunua mahindi ya watu wa Bonga waliokuwa na akiba, na mbaazi tulizila asubuhi na jioni mpaka mume wangu akaomba zipumzishwe. Safari ya Mererani hakuitaja tena. Mtoto wetu huyo wa kwanza, Yohana, alipozaliwa na kulia mara ya kwanza, baba yake alikuwa nje ya mlango, na yeye analia. Kama ng'ombe wale wangepita, sijui mume wangu angekuwa wapi.

Mwanangu, mvua za siku hizi haziaminiki kabisa, kuliko hata zile zetu. Kwa hiyo sikiliza utabiri, simu unayo, usiitumie kwa vichekesho tu. Chagua mbegu inayowahi kukomaa. Ila usije ukaliachia zao moja shamba lote, eti kwa sababu mwaka jana lilikulipa. Na kabla hujasema shamba limekufa, inama uchimbe, kisha muulize mkeo anaonaje, maana njaa ya uamuzi wako itamkuta yeye na watoto.

Mungu abariki jembe lako na tumbo la mkeo. Akujalie kuvuna, mwanangu, na siku ya kuvuna uwe nyumbani.