Mwendo wa Siku Moja Hadi Goma

Kazi ya Séraphine pale Vårby gård, nchini Sweden, ilikuwa kutunza wazee wanaoishi peke yao. Alipanda ghorofa hii akashuka ile, akawavalisha soksi, akawachemshia kahawa, akawasikiliza wakiwalalamikia watoto wao wasiofika. Mama yake mwenyewe alikuwa Goma, na tangu vita viwatenganishe alimsikia kwenye simu tu.

"Utakuja lini?" mama aliuliza kila mara.

"Huku ni mbali sana, mama."

Hakuwa anadanganya. Yeye alitoka kwao Masisi, huko Kongo, kwa miguu akiwa na mimba, akavuka mpaka kuingia Uganda, akakaa kambini mpaka binti yake Maombi akafikia umri wa kusoma. Kwake yeye, umbali ulikuwa huo. Tena hati ya ukimbizi aliyopewa Sweden ilimruhusu kwenda nchi nyingine, siyo Kongo, na hilo halikuelezeka kwenye simu inayokatikakatika.

Mwaka 2010 alipata uraia wa Sweden na pasipoti. Maombi, ambaye sasa alikuwa msichana mkubwa, akafungua kompyuta kutafuta safari. Akamweleza mama yake kwa Kiswidi, kama kawaida yake: karibu kilomita elfu saba, ndege hadi Brussels, nyingine hadi Kigali, kisha gari mpaka mpakani. Siku moja na ushee.

"Siku moja?" Séraphine akauliza. "Hebu angalia tena."

Maombi akaangalia tena. Jibu lilikuwa lilelile.

Akasafiri. Aliondoka uwanja wa ndege wa Arlanda asubuhi, na kesho yake mchana alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda cha mama yake, ameishika mikono iliyokonda kuliko alivyowaza. Walilia, kisha wakacheka.

"Kule ulitoka lini?" mama akauliza.

"Jana asubuhi, mama."

Bibi yule akauondoa mkono wake taratibu. "Jana," akasema. "Na miaka yote hiyo ukaniambia ni mbali."

Séraphine akaanza kueleza habari za hati na pasipoti. Mama akatazama ukutani. Makaratasi hayakumwambia kitu. Ndipo Séraphine akasimulia yale ambayo hata Maombi hakuwahi kuyasikia: msitu, mvua, watu waliowaficha, na jinsi kaka yake mwenyewe Akili, aliyetoroka naye, alivyoshikwa na homa njiani. Mama alijua kwamba Akili alikufa. Hakujua alizikwa wapi. Sasa akaambiwa: juu ya kilima, karibu na kanisa la mabati, na mchungaji wa pale aliwaombea.

Mama alisikiliza mpaka mwisho. "Kumbe ndiyo njia uliyopita," akasema, akamshika tena mkono. "Nilidhani umenisahau, mwanangu."

Mwaka uliofuata Séraphine alitumia likizo yake yote huko Goma. Kisha, mwanzoni mwa 2012, dada yake Godelieve akapiga simu: mama alikuwa hali wala hanywi. Séraphine alikuwa kazini. Akamwomba ruhusa mkuu wake, akapita nyumbani kuchukua pasipoti, akaelekea uwanja wa ndege.

Alimkuta mama bado anapumua. Walikaa pamoja siku chache, na Jumapili mama akafariki huku binti zake wote wawili wakiwa wamemshikilia. Siku ya mazishi Séraphine alitembea nyuma ya jeneza akiwa na viatu vizito vya theluji, vimejaa vumbi jeusi la Goma, kwa sababu siku ile ya simu hakupata muda wa kufungasha vingine.