Celestine na Kipande cha Mzunguko Mfupi

Celestine wa Gesima ni mwembamba kama ufito, lakini mguse haki yake uone meno. Mumewe alipofariki, mama mkwe alisema mbele ya wazee: chai igawanywe sawa, nusu ya Duke, nusu ya Celestine. Vipande ni viwili, vyote vya pembe tatu, maana milima yetu haijui mraba.

Duke, shemeji yake, akavizunguka na kamba, kama wapimavyo wanaume wetu. Kimoja mzunguko mita mia moja themanini, kingine mia moja sitini.

"Hicho kirefu ni changu, mimi ndiye mkubwa," akasema. Wazee wakatikisa vichwa kukubali. Mbuzi alikuwa ameshaiva.

Mimi, jirani yake, nikamuuliza Celestine, "Unapunjwa hivi na unanyamaza? Watoto watatu watakula maneno ya Duke?"

"Ngoja nipige hesabu kwanza, mama Lorna."

Katikati ya shamba kamba haipiti kupima kimo, chai imefungana. Lakini kwenye gumbaru, darasa letu sisi watu wazima, tulifunzwa kupata eneo kwa pande tatu tu. Kipande kifupi: hamsini, hamsini, sitini. Jumla ukigawa kwa mbili ni themanini. Kwenye themanini akatoa kila upande: zikabaki thelathini, thelathini, ishirini. Akazizidisha zote pamoja na ile themanini, kisha akatafuta namba ambayo ukiizidisha yenyewe kwa yenyewe unapata jibu hilo. Mita mraba elfu moja mia mbili.

Cha Duke: hamsini, hamsini, themanini. Akarudia njia ile ile. Elfu moja mia mbili.

Nikamwambia amekosea. Akanitupia kalamu. Nikapata vile vile, tukacheka mpaka kuku wakatoka jikoni.

Kesho yake akampelekea Duke daftari. "Shemeji, viko sawa. Chagua."

"Hesabu za akina mama hizo. Nachukua kirefu."

"Haya. Basi kila mtu apande ua kuzunguka chake."

Celestine alimaliza ua Alhamisi. Jumamosi Duke alikuwa bado ameinama, mashimo ya zile mita ishirini za ziada yakimngoja, mgongo umekataa kunyooka.

Walipovuna, walipeleka majani kituoni siku ile ile moja. Mzani ukasema Celestine kilo thelathini na nane, Duke thelathini na nane na nusu. Duke akanigeukia, kifua mbele.

"Umeona, mama Lorna?"

Celestine akatia mkono kwenye kikapu cha Duke, akautoa umelowa.

"Hiyo nusu ni umande, shemeji."