Majina Manne Ndani ya Mandolini

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo hata leo sijaisahau. Picha uliyonitumia, ya mandolini ya zamani unayotaka kununua, imenirudisha siku hiyo. Kabla hujamjibu muuzaji, nisikilize kidogo.

Nilikuwa kijana, nimetoka Butembo, napigia gitaa kwaya moja hapa mjini, katika kanisa la Murara. Sokoni nikaonyeshwa mandolini ya zamani, kama gitaa dogo, mgongo wa mviringo, mbao nyekundu. Niliikagua jinsi Muzee Kambale, fundi wa magitaa aliyenilea kimuziki, alivyonifundisha: nikatazama kama shingo imepinda, nikagonga tumbo, yaani sanduku lake la sauti, nisikie kama limepasuka, nikajaribu nyuzi zote nane, mbili mbili. Haikuwa na kasoro.

"Imetoka wapi?" nilimuuliza muuzaji.

"Bunagana. Beba tu, papa."

Jibu likanitosha, nikainunua, ingawa nilijua watu walikuwa wanakimbia vita huko. Ukweli ni kwamba nilitaka linitoshe.

Jumapili kanisani, wimbo wa kwanza haujafika katikati, mama mmoja akapiga yowe kwenye benchi la nyuma. Kwaya ikanyamaza. Alikuja mbele peku, vumbi la njia likiwa bado miguuni, akaishika mandolini kwa mikono miwili.

"Hii ni ya papa yangu, baba aliyenizaa!"

"Mama, nilinunua na franga zangu," nikasema, nikaivutia kifuani. Ndiyo, mwanangu, mbele ya altare nilivutana na mama yule.

"Angalia mu tumbo yake. Papa aliandika majina yetu, kila mutoto akizaliwa."

Muzee Kambale, aliyekuwa nasi kwenye kwaya, akawasha tochi, akachungulia kwenye tundu la sauti. Kisha akasoma.

"Furaha."

"Alikufa mu njia," mama akajibu.

"Baraka."

"Hatujamuona mpaka leo."

"Neema."

"Alikufa."

"Espérance."

"Ni mimi."

Mama yule na familia yake walikuwa wamekimbia vita, nyumba yao ikaporwa nyuma yao, naye alikuwa amefika peke yake kwenye kambi ya wakimbizi ya Kanyaruchinya. Mimi bado nilikuwa nimeikumbatia mandolini. Vidole vilikataa kufunguka, si kwa ubishi tena, bali kwa mshtuko.

Muzee Kambale akaniambia taratibu, "Ulichunguza mbao yote. Mutu mwenye alikuwa anaipiga, hukuuliza hata jina lake."

Nikaiachia. Mama Espérance hakujua kupiga. Aliketi chini palepale, akaingiza kidole kwenye tundu, akawa anapapasa ndani polepole, akiyatafuta maandishi. Sikuweza kumtazama.

Basi, mwanangu, kagua shingo, gonga tumbo, jaribu nyuzi zote. Hayo ni ya lazima. Lakini anza na mtu. Muulize muuzaji nani alikipiga chombo hiki, na kwa nini amekiacha. Akibabaika, ondoka, hata kama sauti ya chombo imekushika moyo. Katika mji huu wetu, ambako watu wamekimbia vita mara nyingi hivi, kitu cha zamani kinachouzwa na mtu asiyejua historia yake kinaweza kuwa kilio cha mwenzako.

Mungu akupe chombo kilichotoka kwa mwenyewe kwa hiari, akulinde na tamaa ya kutojua, na watu wakikusikia ukipiga, wainuke kucheza tu, si kulilia chao.