Muhuri Wenye Ufa

Kinyaa kilimwanza Toyono siku ileile vita vilipokwisha, mwezi wa nane, jua likiwa utosini. Watu wa nyumba kumi za mtaa wao, pale Hamamatsu, walikuwa wamesimama uani kwa Bwana Iwabuchi kusikiliza redio. Sauti ya Mfalme ilikwaruza, maneno yakawa ya kale mno, na hakuna aliyethubutu kusema hakuelewa. Bwana Iwabuchi ndiye aliyewafumbulia. Alipiga magoti, akabandika uso mavumbini, akalia kwa kwikwi na kuapa kwamba kabla jua halijazama atakuwa amejipasua tumbo kwa aibu. Jioni hiyo Toyono alimwona akisukuma mkokoteni wa shayiri kutoka ghala la mtaa kwenda kwake, ameufunika mikeka. Tumbo lilibaki zima, na kwa miezi iliyofuata likazidi kutuna.

Huyo ndiye aliyekuwa balozi wao wa nyumba kumi. Mgawo wa chakula ulipita mikononi mwake, na amri za serikali vilevile. Wakati wa vita alikusanya sufuria zao, birika zao za chuma, hata vifungo vya makoti, eti vikayeyushwe viwe meli. Aliwapanga wanawake asubuhi na mianzi iliyochongwa ncha wachome watu wa majani makavu. Toyono, mjane mwenye nyonga mbovu, alichechemea mbele ya mtu wa majani huku Bwana Iwabuchi akimkaripia, "Mama Kunio, hapo unamchoma adui au unamkuna mgongo?" Wenzake walicheka kwa sababu ilibidi wacheke. Mazoezi yakiisha, balozi huyo alishusha sauti na kumkumbusha kuwa nyumba yake ina kijana mzima na bado haijatoa mtu.

Kunio alikuwa na miaka kumi na sita. Mwezi wa sita wa mwaka arobaini na nne, jina lake lilibandikwa kwenye orodha ya vijana waliojitolea kwenda jeshi la wanamaji. Fomu ilidai idhini ya mzazi, na idhini ilikuwepo: muhuri wa nyumba yao, mwekundu, umekaa mahali pake. Toyono hakuupiga. Muhuri ule, ambao marehemu mumewe aliuchonga kwa jiwe kwa mkono wake, ulilala kwenye mtoto wa meza pamoja na sindano, na aliyejua ulipo ni yeye na mwanawe tu.

"Mama, sikuugusa," Kunio alisema.

"Kwa hiyo umetembea wenyewe?"

"Sijui. Lakini sikuugusa."

Jina likishaandikwa, hakuna kijana wa mtaa ule aliyerudi nyuma. Afadhali kufa kuliko kunyooshewa vidole. Siku ya safari, pale stesheni, akina mama wengine walipunga bendera. Kunio aliinama mbele ya mama yake, akarudia yaleyale: "Mama, sikuugusa." Toyono alikaza macho kwenye viatu vyake mwenyewe, asijibu kitu. Baada ya vita aliletewa kisanduku cheupe cha mbao. Ndani hamkuwa na mfupa wala jivu, mlikuwa na kikaratasi chenye jina.

Nyumba yenyewe iliteketea katika mabomu ya mwaka wa mwisho. Toyono alichakura majivu siku mbili, akaupata muhuri, umepasuka kutoka ukingo hadi ukingo. Tangu hapo kila alipoupiga, mstari mweupe ulikata jina katikati. Mtaa mzima uliujua ufa ule, kwa maana kila tangazo lilizungushwa kwenye ubao, nyumba hadi nyumba, na kila nyumba ilipiga muhuri kuonyesha imesoma. Kibanda chake cha mabati yaliyookotwa kilikuwa cha saba katika mzunguko.

Wamarekani walipoingia, ubao uliendelea kuzunguka kana kwamba hakuna kilichotokea. Aliyewaamuru kuchoma watu wa majani sasa aliwafundisha namna ya kuwasalimia askari. Yeye mwenyewe aliwapelekea maofisa matunda, akarudi na sigara zao, akawa anazivuta barazani ili zionekane. Toyono aliyaona hayo yote na kutema mate. Kisha ikatangazwa kuwa waliowashika watu shingo wakati wa vita hawatashika tena madaraka, na Bwana Iwabuchi, aliyekuwa akiutamani udiwani, akakosa usingizi.

Ndipo ilipokuja barua. Aliyeileta ni jirani yake, Mama Fusae, imebanwa kwenye ubao uleule.

"Wewe pitisha macho tu," Mama Fusae alisema. "Viazi vinagawiwa Ijumaa, tusije tukakumbukwa vibaya."

Toyono alisoma polepole. Sisi wa nyumba kumi tunashuhudia kwamba Bwana Iwabuchi ni mtu wa amani, na kwamba hakumlazimisha mzazi yeyote kumtoa mwanawe. Alikwisha kuamua kuwa hapigi muhuri, hata kama atakula magugu, alipofika chini ya karatasi. Mihuri yote kumi ilikuwa imeshapigwa. Wa kwake ulikuwa wa saba.

"Amekupunguzia kazi," Mama Fusae alisema, akitazama pembeni. "Hata wangu nimeukuta."

Toyono aliisogeza karatasi kwenye mwanga. Muhuri ulikuwa mzima. Haukuwa na ufa.

Aliuchukua ubao, akauchukua na muhuri wake, akaenda. Bwana Iwabuchi alikuwa barazani na sigara yake.

"Mama Kunio, karibu. Si ungemwachia mwenzako azungushe? Na hiyo nyonga yako."

"Huu muhuri umeupata wapi?"

"Aa, huo." Alicheka kama mtu aliyesifiwa. "Nilichongesha nakala za nyumba zote. Ningewasumbua kwa kila kikaratasi? Nyinyi mna kazi zenu."

"Ulichongesha lini?"

"Zamani. Mwezi wa nne, mwaka arobaini na nne. Mafundi walikuwa bado wapo." Akapuliza moshi. "Mimi nawajali watu wangu, basi tu hamsemi."

Alikuwa anajisifu, maskini wa roho, wala hakusikia alichokisema. Toyono alikisikia. Alihesabu miezi miwili kutoka hapo hadi kwenye fomu ya Kunio. Kisha akavuta kidau cha wino kilichokuwa mezani, akapiga muhuri wake kando ya ule mzima. Ufa ukatoka wazi.

"Umeiharibu," Bwana Iwabuchi alisema, amesimama. "Maofisa wanaitaka kesho."

"Ipeleke. Wakiuliza mbona nyumba moja ina mihuri miwili, waeleze ulivyotujali."

"Na viazi vyako vya Ijumaa?"

"Kula wewe. Tumbo unalo."

Kibandani alinawa mikono mara mbili, harufu ya sigara isitoke. Akakiteremsha kisanduku cheupe kutoka kwenye rafu, akakifungua, akakitoa kile kikaratasi na kukiweka gotini. Jibu lilikuwa limechelewa mno, na aliona haya kulitamka.

"Ndiyo, mwanangu," alisema. "Hukuugusa."